Mgema Asifiwe: Mwongozo wa Kukuza Kiwanda Kidogo cha Bia, na wa Kukitembelea

Kwa mwenye kiwanda

Unataka kuanzisha kiwanda kidogo cha bia. Heri. Weka kando kwanza habari za shayiri, hamira na matangi; hayo yana wataalamu wake, na wataalamu huajiriwa. Kitu cha kwanza kutafuta ni babu.

Babu huyo awe marehemu wa siku nyingi, awe alipika bia kwa riziki, na awe ameacha karatasi. Jim Koch wa Boston, Marekani, alijaliwa yote matatu. Mwaka 1984 alikuwa mshauri wa makampuni, mwenye shahada tatu za Harvard, mtu asiye na sababu yoyote ya kuhangaika. Darini kwa baba yake kulikuwa na mapishi ya Louis Koch, babu wa babu yake, aliyekuwa na kiwanda cha bia St. Louis katika karne ya 19. Kinachoudhi ni kwamba kisa hiki ni cha kweli. Wenzake wamelazimika kujitafutia. Ken Grossman, aliyeanza kupika bia ya Sierra Nevada mjini Chico, California, mwaka 1980, alikusanya vyombo vikuukuu vya viwanda vya maziwa akaviunga, na hadi leo hakuna anayesimulia habari za Sierra Nevada bila kuvitaja vyombo hivyo. Kama huna babu wala tangi la maziwa, gereji itakufaa, mradi isiwe imepakwa rangi.

Huku kwetu shida ni nyingine. Aliyepika mara nyingi alikuwa bibi: mbege huko Kilimanjaro, busaa magharibi mwa Kenya. Na bibi hakuandika chochote kwa sababu alikuwa anajua. Karatasi itabidi uiandike wewe, kisha uiweke darini ichakae.

Baada ya babu, jina. Chagua shujaa ambaye hawezi kudai mrabaha. Koch alimchagua Samuel Adams, mwanasiasa wa Boston aliyewachochea wenzake dhidi ya Mwingereza mpaka nchi ikajitenga. Adams huyo alirithi biashara ya kimea kutoka kwa baba yake, ikamfia mikononi. Akapewa kazi ya kukusanya kodi, akashindwa kuikusanya, hesabu zikabaki na pengo la maelfu ya pauni. Ndiye aliyewekwa kwenye chupa, anatabasamu, kainua kikombe cha bia. Mteja hasomi historia ya mtu, anatazama koti.

Sasa bia yenyewe. Msomaji mwenye haraka atadhani kwamba kiwanda kidogo cha bia ni lazima kiwe na kiwanda. Hiyo ni fikra ya kizamani. Bia ya Boston ya kina Koch ilianza kwa kupikwa Pittsburgh, kwa mkataba, katika kiwanda cha watu wengine chenye nafasi ya ziada. Kutoka Pittsburgh hadi Boston kwa barabara ni kama kutoka Nairobi kwenda Mombasa na kurudi. Koch hakuficha, ila pia hakuona haja ya kuligeuza kuwa tangazo. Yeye na Rhonda Kallman, aliyekuwa katibu muhtasi katika kampuni ileile ya ushauri, walizunguka baa za Boston moja baada ya nyingine, chupa zikiwa kwenye mkoba wa ofisini uliotiwa vipande vya barafu. Fikiria mwenye baa anaona mtu wa suti anaingia na mkoba. Anajua ni wa kodi. Mkoba ukifunguliwa ikatoka bia baridi, atanunua kwa kushukuru tu.

Bia ilizinduliwa Aprili 1985, Siku ya Wazalendo, sikukuu ya jimbo la Massachusetts ambayo ndiyo siku ya mbio za Boston Marathon. Kwa Wakenya siku hiyo haihitaji maelezo. Kwa Watanzania inahitaji faraja, kwa kuwa mwaka 1988 Ibrahim Hussein alimshinda Juma Ikangaa kwa sekunde moja, na Ikangaa akarudi mwaka uliofuata akawa wa pili tena, na mwaka 1990 hivyohivyo. Kampuni ya Koch baadaye ilianza kupika bia maalumu ya mbio hizo. Funzo kwa mwenye kiwanda: fungamanisha bia yako na jambo ambalo watu watalifurahia hata usipokuwepo, na ambalo wanaolitolea jasho hawawezi kukunywea kesho yake kwa sababu wana ndege.

Mwaka huohuo wa 1988 kiwanda kikapata kiwanda. Koch alianza kupika katika majengo ya zamani ya Haffenreffer, mtaa wa Jamaica Plain, ambako bia ilipikwa tangu karne ya 19 hadi wenyewe walipofunga na kuacha bomba la moshi. Tofali jekundu, kuta nene, harufu ya kimea. Ni mahali pazuri mno, na bia nyingi ya kampuni haikupikwa hapo na wala haipikwi hapo. Hupikwa Pennsylvania na Cincinnati, kwenye mitambo mikubwa isiyo na mvuto wowote wa kupigia picha. Jamaica Plain ni pa majaribio na pa wageni. Zingatia mgawanyo huu: pa kupikia pawe pakubwa na mbali, pa kuonyeshea pawe padogo, pachakavu kidogo, na karibu na kituo cha treni.

Fedha za kukua zinatoka wapi? Kwa wanywaji. Mwaka 1995 Koch alipopeleka kampuni kwenye soko la hisa, alibandika kuponi kwenye paketi za bia: mnywaji aliweza kununua hisa 33 kwa dola 15 kila moja, jumla dola 495, wakati wakubwa wa Wall Street walilipa dola 20. Nampa heshima yake hapa. Ni mara chache mlevi hupata bei nzuri kuliko benki. Lakini angalia faida ya upande wa pili. Mtu akinunua bia yako ni mteja. Akinunua hisa yako anakuwa mhubiri, na hatakaa baa yoyote tena bila kuuliza kwa sauti kwa nini hawaiuzi. BrewDog ya Uskoti iliupanua ujanja huo kuanzia 2009, ikawauzia hisa maelfu kwa maelfu ya wanywaji ikiwaita waasi. Mwaka 2017 ikaingia kampuni ya uwekezaji ya Marekani, TSG, kwa karibu asilimia 22, ikiwa na hisa za kulipwa kwanza. Waasi wakagundua kuwa foleni ina mlango wa mbele, na wao wako wa nyuma.

Tufike kwenye kiini cha biashara: kua, lakini usikue. Unachouza si bia tu, unauza udogo. Mteja akishajua kwamba wewe ni mkubwa, atahamia kwa kijana wa gereji. Basi ufanyeje ukiwa na hisa New York, malori, na matangazo ya televisheni? Chama cha watengenezaji bia wa Marekani, Brewers Association, kimeshalitatua. Zamani kilisema kiwanda kidogo, au cha krafti kama wanavyokiita, ni kile kisichozidi mapipa milioni 2 kwa mwaka. Kampuni ya Koch ilipoukaribia mpaka huo, mpaka ulisogezwa: tangu 2011 mwisho ni mapipa milioni 6. Pipa la bia la Marekani ni takribani lita 117. Piga hesabu: kiwanda "kidogo" kinaruhusiwa kupika kama lita milioni 700 kwa mwaka na bado kikavaa aproni. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya mauzo ya kampuni hiyo si bia tena, ni chai yenye kilevi, sida ya tofaa na mengineyo. Mwaka 2018 sharti la kuwa mtengenezaji bia "wa jadi" likaondolewa kwenye fasili. Kijana anayepima urefu mlangoni anarefusha rula, mtoto anaendelea kuingia bure.

Na hapa ndipo wahenga wanapodai haki yao. Walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulidhani ni onyo. Boston Beer, kampuni ya Koch, walilichukua kama mpango wa biashara. Mwaka 2016 walizindua Truly, ambayo ni maji ya gesi yenye kilevi na ladha ya tunda. Msidhani natania. Maji hayo yalisifiwa kuliko tembo lenyewe; vijana wakayabeba kwa makreti, na Aprili 2021 hisa moja ya kampuni ilipita dola 1,300. Wakapika zaidi, wakapika mno. Wateja wakachoka. Ilipofika vuli, Koch alikiri hadharani kwamba mamilioni ya makreti yataharibiwa kabla hayajapoteza ladha, na bei ya hisa ikaanguka hadi chini ya nusu. Hata hivyo, kwa kuwa huu ni mwongozo wa kukua na si wa kutubu, mwaka uliofuata walitoa Mountain Dew yenye kilevi kwa kushirikiana na PepsiCo.

Mwisho wa safari ya mwenye kiwanda ni kuuza. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch InBev mwaka 2011 kwa dola milioni 38.8. Ballast Point ya San Diego ilinunuliwa mwaka 2015 kwa dola bilioni 1, na mwaka 2019 mnunuzi akaiuza kwa Kings & Convicts, kiwanda kidogo kabisa cha Illinois ambacho watu wa San Diego hawakuwa wamekisikia. Ukiuza, andika barua kwa wateja. Barua hiyo ina sentensi moja tu ya lazima, kwamba hakuna kitakachobadilika. Piga picha ukiwa na shati la mraba. Koch mwenyewe hakuuza, nadhani kwa sababu alishakuwa yule ambaye wengine wanamuuzia: mwaka 2019 aliiunganisha Dogfish Head ya Delaware na kampuni yake kwa mpango wa takribani dola milioni 300.

Kwa mgeni

Sasa wewe usiye na mtaji, una nauli tu. Una shemeji Lowell, Massachusetts, kama Wakenya wengi walivyo na shemeji Lowell, na shemeji amekwambia Jumamosi atakupeleka "mahali". Usimuulize mahali gani. Furaha yake yote imo humo.

Mlangoni utaombwa kitambulisho. Umri wa kunywa Marekani ni miaka 21, na kijana wa mlangoni hatatishwa na mvi zako wala wajukuu wako kwenye simu. Beba pasipoti. Usiseme "mimi naweza kukuzaa", kwa sababu ataitikia kwa adabu na bado ataitaka. Usitafute bei ya jioni ya kupunguziwa: Massachusetts ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 1984, mwaka uleule Koch alipoanzisha kampuni. Kwa miaka mingi ziara ya Jamaica Plain ilikuwa bure, ukiombwa mchango wa dola mbili, nadhani kwa kujua kwamba aliyetoa mbili za hiari mlangoni hatoki bila kutoa arobaini za fulana.

Ziara huanza kwa kutafuna. Utapewa punje za kimea. Tafuna, tikisa kichwa, sema "karanga". Kisha utapewa hopsi, vichane vya kijani vya mmea unaoipa bia uchungu na harufu. Zisugue viganjani, peleka puani, vuta. Huu ni wakati mtakatifu wa ziara na ndipo wageni wetu wanapoaibika, kwa kuwa husema ukweli: inanuka majani. Sema "chungwa". Ukiona wenzako nao wamesema chungwa, panda dau, sema "embe, lakini lililoanza kuiva". Mzungu hana la kukujibu. Embe ni eneo lako. Na kwa haki ya Mungu, baadhi ya hopsi mpya, kama Citra, zinanukia matunda kweli.

Kisha kaa mezani, uletewe ubao wenye vikombe vidogo vinne. Usinywe kwa mkupuo. Shemeji anakutazama. Nyanyua kikombe uelekee dirishani, kizungushe, tazama povu kama unakagua shilingi ya bandia. Bia ya mtindo wa New England itakuwa na ukungu. Usirudishe kwa mhudumu ukidai imeharibika. Ukungu huo ndio unaolipiwa. Yule anayekaa jirani atakueleza kwamba bia ya IPA ilitiwa hopsi nyingi ili isioze melini ikielekea India. Mwache amalize. Ni kweli bia hiyo ilisafirishwa kutoka London kwenda India, lakini na bia nyeusi, porter, ilifika hukohuko salama ikanywewa. Ukimwambia hivyo utakuwa umemharibia Jumamosi.

Ikija ile ya uchachu, mtu wa Moshi awe makini sana. Ataonja, macho yatamtoka, atasema, "Shemeji, hii ni mbege ya juzi!" Asiseme. Bei ya kikombe hicho kidogo inanunua mbege ya ukoo mzima, na maneno ya namna hiyo huwaumiza walioipika kwa miezi ndani ya mapipa ya mbao.

Ukiona chupa yenye umbo la birika la shaba, hiyo ni Utopias. Haina gesi, ina nguvu ya asilimia 28 katika toleo la 2021, bei yake ilitangazwa kuwa dola 240, na kuna majimbo 15 ambako sheria hairuhusu iuzwe. Nyumbani tungeiita kwa jina jingine na polisi wangeijua njia. Hapo inakaa kabatini, taa imewashwa, watu wanapiga picha.

Asiyekunywa asibaki nyumbani. Soda ipo, na Samuel Adams wana bia isiyo na kilevi pia. Tena huyu ndiye mgeni bora kuliko wote, maana ndiye pekee atakayekumbuka maelezo ya ziara, na baada ya vikombe vya tatu na vya nne ndiye atakayejua kwamba yule jirani anasimulia meli ya India kwa mara ya pili. Mhudumu umwachie bakshishi, asilimia 20 hivi. Ukiacha chenji za sarafu, shemeji atarudi peke yake wiki ijayo kuomba radhi.

Ukishazoea, utaambiwa kwamba Samuel Adams ni ya watalii na wajuzi wako kwingine. Hili ni daraja la pili la elimu, na lina foleni. Tree House, kiwanda cha Massachusetts kilichoanza 2011, kilikua kwa kukataa kupeleka bia madukani. Aliyeitaka aliifuata kwao, na watu waliifuata. Vermont, jimbo la jirani, Alchemist wanapika Heady Topper, bia ambayo kopo lake linakuamuru uinywe humohumo koponi. Mwaka 2013 walifunga duka lao la kiwandani Waterbury kwa kuwa magari ya wateja yaliwachosha majirani. Ukisimama katika foleni hizo kwa saa mbili, bia itakuwa nzuri. Haina namna nyingine ya kuwa.

Na usidhani ni lazima upande ndege. Nairobi kuna 254 Brewing Company, Dar es Salaam kumekuwa na Crafty Dee's, Kampala kuna Banange. Hopsi kwa kawaida hutoka ng'ambo, kwa kuwa mmea wenyewe unapenda siku ndefu za kiangazi ambazo ikweta haina, kwa hiyo nauli yako imeshalipwa na mmea. Masharti ya kusema "chungwa" ni yaleyale.

Lakini kama umeshafika Boston, chukua treni ya mstari wa chungwa, shuka Stony Brook, tembea kidogo. Ukimaliza kunusa, kuzungusha na kupigwa picha, agiza ile Boston Lager ya kawaida ya Samuel Adams, ambayo wajuzi hawaiagizi kwa kuwa inauzwa kila mahali. Ina kimea cha kutosha, uchungu wa kiasi, na haihitaji maelezo. Ni bia nzuri, bora kuliko karibu yote yaliyokuwa ubaoni. Na kurudi Lowell msiendeshe gari.